Ruzuku si Kila Kitu: Uhakiki wa Istilahi za Kanuni za Biashara ya Mazao

Tumeletewa kijitabu cha kurasa 70 na ushei, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya maafisa ugani, viongozi wa vyama vya ushirika na walimu wa masomo ya biashara. Kinaeleza kanuni za kimataifa kuhusu fedha na manufaa mengine ambayo serikali za dunia huwapatia wakulima wao. Tumeombwa kukipitia kabla hakijapigwa chapa mara ya pili. Idara iliyokitoa hatuitaji jina, kwani makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake: mengi tumeyakuta magazetini na katika hotuba, na mojawapo, hatuna budi kukiri, lilitoka katika orodha ya istilahi tuliyoiandaa sisi wenyewe.

Kwanza tutoe sifa panapostahili sifa. Kiswahili cha kijitabu hiki chasomeka. Mfasiri hakukimbilia kutohoa kila neno. Ameandika pembejeo, ghala la akiba, bei ya shambani, ushuru wa forodha, na kila moja limekaa mahali pake. Pale ambapo matini ya asili imejifunga kwa vishazi vitano, yeye ameivunja ikawa sentensi tatu bila kupoteza maana. Wafasiri wengi wa hati za Serikali wangeweza kujifunza kwake. Lawama zetu, basi, si za uzembe. Ni lawama juu ya neno moja lililobebeshwa mzigo wa maneno manne, na juu ya yale yanayowapata watu wanaokisoma kijitabu ili wakafanye kazi.

Hayo tuliyaona kwa macho. Katika semina moja ya wilaya inayolima pamba, ambako kijitabu kiligawiwa, afisa ugani mmoja wa makamo alisimama akauliza: "Ndugu wakufunzi, kitabu hiki chasema nchi wanachama zimekubaliana kupunguza ruzuku za kilimo, na kwamba ruzuku iliyozidi kiwango ni kinyume cha mkataba. Sasa hii mbolea ya ruzuku tunayowaandikisha wakulima, twavunja mkataba? Nikiulizwa kijijini nijibuje?" Mkufunzi mmoja akajibu kuwa ndiyo, ila twavumiliwa kwa sababu ya umaskini wetu. Mwenziwe akasema mkataba hautuhusu kabisa. Wote wawili walikosea, na wote wawili walikuwa wameshika kijitabu kilekile mkononi.

Jawabu limo katika Mkataba wa Kilimo wenyewe. Mkataba huo ulitokana na mazungumzo ya Duru ya Uruguay ya 1986 hadi 1994, ukatiwa saini Marrakesh mwezi Aprili 1994, na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1995 pamoja na kuundwa kwa Shirika la Biashara la Dunia. Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama tangu siku hiyo ya kwanza. Ibara ya 6, aya ya 2, yasema kwamba katika nchi zinazoendelea ruzuku ya pembejeo inayopatikana kwa jumla kwa wakulima wa kipato cha chini au wenye nyenzo haba haiingii katika hesabu ya kile ambacho nchi imejifunga kukipunguza. Zaidi ya hayo, Ibara ya 15 yaziondolea nchi zenye maendeleo duni kabisa sharti lote la kupunguza. Kwa hiyo mbolea ya afisa yule haikuvunja mkataba, wala haikuwa inavumiliwa. Ilikuwa haki iliyoandikwa.

Kijitabu chalisemaje jambo hilo? Chasema: "Ruzuku hizi zimesamehewa." Hapa ndipo tatizo linapoanza. Katika Kiswahili husamehewa aliyekosa, au mwenye deni. Mtu akiambiwa amesamehewa kodi ataelewa kwamba kodi ilimpasa, akahurumiwa. Mkataba hausemi hivyo. Wasema ruzuku za namna hii hazihesabiwi. Tungeandika "haziingii katika hesabu ya kupunguzwa", maneno marefu kidogo, lakini mkufunzi wa kwanza asingepata pa kusimamia. Sambamba na hilo, kijitabu chachanganya makundi ya nchi. Ukurasa mmoja husema "nchi zinazoendelea", wa pili "nchi maskini", wa tatu "nchi changa", kana kwamba ni visawe vya kupambia insha. Katika mkataba huu si visawe hata kidogo. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa. Kenya haimo, bali ni nchi inayoendelea. Jirani wawili wanaolima mahindi yaleyale pande mbili za mpaka wa Namanga wana wajibu tofauti mbele ya mkataba. Mwalimu atakayefundisha kwa "nchi maskini" hatawaeleza wanafunzi wake tofauti hiyo, kwa kuwa hataiona.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Ruzuku latokana na Kiarabu, pamoja na ndugu yake riziki, na katika matumizi ya kale mwenye kuruzuku ni Mungu. Kutoka hapo likashuka kwa watawala, nao wakaruzuku watu wao. Na katika ofisi zetu leo twalo kwa maana kadhaa. Kuna ruzuku ya vyama vya siasa, ruzuku ya Serikali Kuu kwa halmashauri, ruzuku ya uendeshaji wa shule, na ruzuku ya mbolea. Katika zote hizo kuna mkono utoao na mkono upokeao, na kuna fedha au kitu kinachopita kati yao. Hiyo ndiyo picha iliyomo ndani ya neno, na ni picha nzuri. Ubaya wake ni kwamba Mkataba wa Kilimo, katika sehemu yake kubwa, hauzungumzii picha hiyo.

Matini ya Kiingereza hutumia maneno mawili tofauti, na ya Kifaransa vilevile: "soutien" kwa manufaa yote wanayopewa wakulima ndani ya nchi, na "subvention" kwa fedha zinazosukuma mazao nje. Kijitabu chetu kimeandika ruzuku kwa yote mawili, na kwa mengine pia. Yamkini msomaji atauliza hasara yake ni nini. Hasara ni hii. Chukua serikali inayotangaza kwamba ngano isiuzwe chini ya bei fulani, na ambayo huizuia ngano ya nje mpakani kwa ushuru mkubwa ili bei hiyo isimame. Hazina yaweza isitoe hata senti moja. Anayelipa ni mnunuzi wa mkate. Hakuna mkono uliotoa, hakuna bahasha, hakuna vocha. Wala hakuna Mswahili atakayeiita hali hiyo ruzuku. Hata hivyo mkataba huihesabu: huchukua tofauti kati ya bei iliyotangazwa na bei ya nje ya miaka ya 1986 hadi 1988, iliyowekwa kuwa kipimo, ukazidisha kwa kiasi cha zao kinachostahili bei hiyo, na jumla ikaingia katika daftari la nchi husika. Mabishano makali juu ya akiba za chakula za India, yaliyofanya mawaziri wakubaliane Bali mwaka 2013 juu ya suluhu ya muda, yalihusu hesabu hiyo hasa: bei za leo kupimwa kwa bei za zamani kiasi hicho. Msomaji wa kijitabu, akisoma kuwa India "inatoa ruzuku kupita kiwango", atafikiri ni magunia ya fedha. Hatafahamu kwamba ugomvi ni wa kipimo.

Twapendekeza basi neno egemezo kwa dhana pana, na ruzuku libaki kwa dhana finyu ambayo limeizoea. Mkulima wa migomba ajua maana ya kuegemeza: mgomba uliolemewa na mkungu huwekewa mti wenye panda usianguke. Mti huo haumpi mgomba chakula. Huuzuia usiende chini. Bei iliyoshikiliwa na serikali ni mti wa namna hiyo. Waarabu nao, kwa dhana hii, hutumia neno linalotokana na kutegemeza nguzo, na hatuoni aibu kufuata fikra yao bila kuazima neno lao. Tuliwahi kufikiria tegemezo, lakini liko jirani mno na tegemezi, neno ambalo katika siasa zetu limekuwa kama tusi. Tuliwahi pia kuandika "msaada wa ndani" katika orodha yetu ya awali, na hilo ndilo kosa letu tulilolitaja mwanzoni. Msaada, kwa mtumishi wa Serikali, huja na wahisani, masharti na sherehe ya kutia saini. Kuongeza "wa ndani" hakuliondolei harufu hiyo.

Wapo wenzetu wasiokubaliana nasi. Hoja yao ni kwamba ruzuku lajulikana na kila mkulima, na kwamba istilahi mpya ni deni analolipishwa msomaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hatumnyang'anyi mkulima ruzuku yake. Twataka tu asidanganywe nayo. Haidhuru egemezo likisikika geni kwa miaka miwili mitatu.

Ama kuhusu rangi, kijitabu kimejiingiza katika msitu usio wa lazima. Wajuzi wa biashara ya kimataifa huyagawa maegemezo katika visanduku vyenye rangi. Asili ya rangi hizo ni taa za barabarani: kijani ni ruhusa, njano ni punguza mwendo, nyekundu ni marufuku. Katika kilimo hakuna kisanduku chekundu, na badala yake kimeongezwa cha buluu, kwa malipo ya moja kwa moja yaliyofungwa na mipango ya kupunguza uzalishaji. Wala maneno hayo ya visanduku si lugha ya mkataba. Ni lugha ya barazani pa wajumbe. Mfasiri amevifasiri vyote, na kile cha njano amekiita "kisanduku cha ambari".

Hapa twaomba radhi tucheke kidogo. Ambari ni kitu chenye harufu nzuri kitokacho tumboni mwa nyangumi, ambacho watu wa pwani walikiokota ufukweni na kukiuza kwa bei ya juu kwa watengeneza manukato. Kile kito cha rangi ya asali ambacho Waingereza wanakimaanisha sisi twakiita kaharabu. Na hata kaharabu haitakiwi hapa, kwa kuwa dereva yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi, akiifikia taa hiyo, husema njano. Wafasiri wa Kifaransa walikuwa na busara: waliacha visanduku wakasema "aina ya kijani", "aina ya buluu", na ile ya tatu wakaiita ya rangi ya chungwa. Nasi twashauri aina ya kijani, aina ya njano na aina ya buluu, kwa mazungumzo. Na katika hati rasmi rangi ziachwe, iandikwe kanuni yenyewe.

Kanuni ya aina ya kijani ni kwamba egemezo lisiwe na athari kwa biashara na uzalishaji, au likiwa nayo iwe ndogo kabisa. Kijitabu chasema "lisipotoshe biashara". Kupotosha ni kwa mtu, au kwa ukweli. Redio zikitangaza upotoshaji, twafahamu kuwa kuna aliyesema uongo. Biashara haipotoshwi, huvurugwa. Lisilovuruga biashara: maneno mawili, na hayana doa.

Gumu zaidi ni lile la malipo ambayo hayafuati kiasi cha mavuno, ambalo Umoja wa Ulaya uliligeuza kuwa msingi wa sera yake katika mageuzi ya 2003. Kijitabu chayaita "malipo yaliyokatwa". Msomaji gani hataelewa kuwa fedha zimepunguzwa, kama mshahara uliokatwa kodi? Twapendekeza malipo yasiyofungamana na uzalishaji. Si suala la ladha. Katika kesi ya pamba, kufungamana au kutofungamana ndiko kulikoamua sehemu ya shauri.

Kesi hiyo yafaa tukae nayo, kwa maana ndiyo sura bora ya kijitabu na ndiyo yenye makosa mengi kupita zote. Brazil iliishtaki Marekani mwaka 2002 kwa maegemezo yake ya pamba. Jopo la waamuzi likatoa ripoti Septemba 2004, na Chombo cha Rufaa kikathibitisha sehemu kubwa ya ripoti hiyo Machi 2005. Kijitabu chafupisha hivi: "Marekani ilipatikana na hatia ya kutoa ruzuku haramu na kusababisha chuki kubwa." Sentensi moja, na kila kipande chake chahitaji daktari.

Tuanze na chuki. Neno la Kiingereza lililopo hapo lina maana mbili: moja ni kumhukumu mtu kabla ya kumjua, nayo kamusi nyingi huiita chuki au kasumba, nyingine ni ya kisheria, yaani kudhuru haki au maslahi ya mwingine. Brazil haikulalamika kwamba yachukiwa. Ililalamika kwamba malipo yaliyofungwa na bei yalizuia bei ya pamba ya dunia isipande, na waamuzi wakakubali. Hayo ni madhara makubwa, na hivyo ndivyo iandikwe.

Ama "ruzuku haramu", waamuzi walitenganisha mambo ambayo kijitabu kimeyafunga tita moja. Malipo waliyopewa wasafirishaji na viwanda ili wanunue pamba ya Marekani yalikuwa ya kundi lililopigwa marufuku, nayo yakafutwa mwezi Agosti 2006. Malipo yaliyofungwa na bei hayakupigwa marufuku; yalishtakiwa kwa sababu ya madhara yake, na bila kuthibitisha madhara Brazil isingepata kitu. Lakini lipo la tatu, ambalo laonyesha kuliko yote udhaifu wa neno ruzuku: dhamana ya mikopo ya kuuzia nje. Serikali ya Marekani iliwadhamini wanunuzi wa nchi nyingine wakopeshwe fedha za kununua mazao yake. Haikumpa mtu zawadi. Ilisema tu, asipolipa, tutalipa sisi. Mtafute mwalimu wa Kiswahili aliyebobea, umuulize kama kumdhamini mtu ni kumruzuku, atashangaa swali. Hata hivyo waamuzi waliamua kwamba, kwa kuwa ada zilizotozwa hazikutosheleza gharama, dhamana hizo ni ruzuku za mauzo ya nje. Katika kijitabu jambo hili limerukwa kabisa. Twashuku kuwa mfasiri alipofika hapo neno lake lilimkatalia.

La nne ni lile la kufungamana. Marekani ilitaja baadhi ya malipo kuwa ya aina ya kijani, kwani hayakufuata mavuno. Lakini mkulima aliyepokea alizuiwa kupanda matunda na mboga katika ardhi hiyo. Waamuzi wakasema: maadamu mkulima ameambiwa asipande nini, malipo bado yamefungamana na uzalishaji. Jaribu kuieleza hoja hiyo kwa "malipo yaliyokatwa".

Mwisho wa kesi kijitabu kimeupata sawa. Baada ya waamuzi kuiruhusu Brazil kulipiza mwaka 2009, Marekani ilikubali mwaka uliofuata kulipa dola milioni 147.3 kwa mwaka katika mfuko wa wakulima wa pamba wa Brazil, na Oktoba 2014 pande mbili zikamaliza shauri kwa dola milioni 300. Tungependa tu msomaji wa Shinyanga au Simiyu aambiwe pia kwamba Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilizowasilisha hoja yao ya pamba mwaka 2003, hazikuwa na sehemu katika mapatano hayo ya fedha.

Mawili mengine kwa haraka. Kijitabu chaita "upendeleo" zile nafasi maalumu za nchi zinazoendelea. Upendeleo ni lawama. Mzazi mwenye upendeleo hasifiwi. Nafuu maalumu latosha, kwani watu wamelizoea katika mikopo yenye masharti nafuu. Na uuzaji wa bidhaa nje kwa bei iliyo chini ya ile ya kwao umeitwa "utupaji bidhaa", jambo linaloleta picha ya jalala. Lugha yetu ina bei ya kutupa, na kishawishi cha kuitumia ni kikubwa. Lakini mtumba nao huuzwa kwa bei ya kutupa bila kosa lolote. Kosa la kibiashara ni kulinganisha bei mbili, si urahisi peke yake. Kwa sasa twaona iandikwe kuuza nje chini ya bei ya nyumbani.

Tumeulizwa kwa nini tuhangaike hivi, ilhali lugha rasmi za Shirika la Biashara la Dunia ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na tafsiri ya Kiswahili haina nguvu mbele ya waamuzi wowote. Ni kweli. Hata mawaziri walipokutana Nairobi Desemba 2015 na kuamua kwamba nchi zilizoendelea zifute ruzuku za mauzo ya nje mara moja, isipokuwa kwa mazao machache, na zinazoendelea zifuate kufikia mwisho wa 2018, uamuzi huo uliandikwa kwa lugha hizo tatu katika mji ambao makarani, madereva na wapishi wa mkutano walizungumza Kiswahili. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika tangu 2019, na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Hati za biashara za jumuiya hizo zitafasiriwa, na zitafasiriwa kwa istilahi zitakazokutwa mezani.

Aya ya ukurasa wa 31, iliyomsumbua afisa ugani wetu, tumependekeza isomeke hivi: "Mbolea na mbegu za ruzuku zinazopatikana kwa jumla kwa wakulima wa kipato cha chini katika nchi inayoendelea haziingii katika hesabu ya maegemezo yanayopaswa kupunguzwa. Nchi yenye maendeleo duni kabisa haina sharti la kupunguza egemezo lolote."

Limebaki neno moja ambalo hatujaafikiana: ile hatua ya kupandisha ushuru kwa muda pale mazao ya nje yanapofurika ghafla. Kijitabu chaita "kinga" ukurasa huu na "ulinzi" ukurasa ule. Kinga twaipenda, ila wanasheria wanayo tayari kwa maana ya mtu kutoshtakiwa, na "ushuru wa kinga" haufai panapotumika kikomo cha kiasi badala ya ushuru. Wasomaji wa forodhani, hasa wa Tanga, Mombasa na Namanga, watuandikie wao wasemaje kazini.